Migunga Iliyokinga Shamba

Kila asubuhi kabla ya shule, Bishara aliwapeleka mbuzi kwenye migunga iliyopakana na shamba lao, kando ya mto Tana. Alitikisa matawi kwa hangool, ile fimbo ndefu yenye ndoano, na maganda ya mbegu yakamwagika. Mbuzi walikula wakashiba hata wakati wa kiangazi.

Mama yake, Raho, alipokwenda Iftin kumuuguza shangazi, alimwachia kazi. “Kusanya miiba mikavu kule nyikani, uzibe ua wa zizi.”

Nyikani ni mbali, na jua lile! Bishara alishika panga, akakata matawi yote ya migunga, yakabaki mashina matupu. Ua ukazibwa siku hiyohiyo. Alijiona mjanja kweli.

Mvua haikunyesha. Mama aliporudi, matawi ya uani yalikuwa yamekauka, na upepo wa moto ulikuwa ukiingia shambani bila kizuizi. Mahindi yalikuwa yamejikunja. Walimwagilia jioni, asubuhi udongo ukawa mkavu tena.

“Nani ameniharibia migunga?” mama alilia.

“Wachungaji wapitao, Hooyo,” Bishara alimjibu mama yake upesi.

Wiki hiyo mzee Diriye alifika kutoka Ijara na ng'ombe waliokonda. “Dada, nipishe shambani nifike mtoni. Wana kiu sana.”

“Mkate miti yangu, halafu niwape njia? Zunguka huko!”

“Wallahi, mimi ndio kwanza nafika.”

Mama hakusikia. Ndama mmoja alipiga magoti, kisha akalala chini. Bishara alimtazama, kisha akamkimbilia mama.

“Hooyo, ni mimi niliyekata! Adeer huyu, mzee wetu, hana kosa.”

Mama aliinamisha kichwa kwa aibu. Alimwomba Diriye radhi, akafungua njia. Ndama aliinuliwa, akanyweshwa, akapona.

Jioni, Bishara alizungushia mashina miiba ili mbuzi wasile machipukizi.

“Adeer amekusamehe, nami pia,” mama alisema taratibu. “Ile miti ilizuia upepo, ikatunza unyevu wa udongo, ikalisha mbuzi mvua ilipokosekana. Ukikosea, sema mapema. Na usikate kinachotulinda ukame ukija. Inshallah itachipua, lakini mahindi haya hayataingoja.”

Kesho yake, Bishara alipofungua zizi, mbuzi walikimbia tena mpaka kwenye migunga, kama walivyozoea. Wakasimama kando ya mashina yale matupu, wametazama juu, wakingoja maganda. Bishara akalia.