Vidonge vya Mama, Vidole vya Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Ya pili ilikuwa kumpelekea bibi yake maji na kidonge cha hospitali. Jina la Chiriku alipewa na bibi huyohuyo, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Bibi alikuwa na ugonjwa wa viungo. Vidole vyake vilivimba na kuwaka moto, lakini akimeza dawa aliweza kushika sindano, na hakuna aliyeshona matundu ya vifungo kwa mkono kama yeye. Wateja wengine walikuja kwa ajili ya matundu hayo tu. Tatizo ni kwamba dawa ile ilimchoma tumbo, na kila asubuhi aliilaani kwanza ndipo akaimeza.

Siku moja alikuja muuguzi wa utafiti. Alitafuta watu wazima wenye afya njema wa kumeza vidonge vya maganda ya zabibu na majani ya chai, kisha damu yao ipimwe kuona kama mimea hiyo inapunguza uvimbe wa ndani ya mwili. Alieleza wazi kwamba baadhi yao watapewa vidonge vya kweli na wengine vya unga mtupu, na hata yeye hajui nani kapewa vipi. Mama, ambaye alikuwa mzima kama kigongo, alikubali, akaachiwa chupa ya vidonge. Chiriku alishika mambo mawili tu, mimea na uvimbe. Mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Kesho yake alichukua kidonge kwenye chupa ya mama akampelekea bibi, akamwambia ni cha mimea na kinaondoa uvimbe. Bibi alimeza, akasubiri tumbo limchome. Halikumchoma.

"Hiki ndicho," bibi akasema. "Niletee hiki kila siku. Na mama yako asijue, atatugombeza bure."

Chiriku alivimba kichwa kwa kupewa siri. Vidonge vya hospitali akawa anavificha ndani ya mkebe wa vifungo vibovu. Miezi ikapita. Vidole vilipozidi kuuma, bibi alisema dawa nzuri huuchokoza ugonjwa kwanza, na mjukuu akaamini.

Kisha muuguzi akarudi. Alimimina vidonge vilivyobaki, akaona ni vichache mno, akamuuliza mama kwa upole kama aliwagawia wengine. Mama aliapa kwamba hakumpa mtu. Muuguzi hakubishana. Alisema tu kwamba damu ya mama haitatumika tena katika utafiti, akaichukua chupa. Mama alikuwa mtu wa kumrudishia mteja hata kipande cha kitambaa kilichobaki, na sasa alisimama na utepe wa kupimia shingoni, machozi yakimlengalenga. Chiriku aliyaona yote kutoka mlangoni. Mdomo usiojua kupumzika ulipumzika siku ile, siku uliyokuwa unahitajika.

Asubuhi iliyofuata alimpelekea bibi kidonge cha hospitali. Kikombe kilimponyoka bibi, maji yakamwagika kitandani. Vidole vilikuwa vimejikunja na havikukunjuka. Chiriku alikimbia, akauchukua ule mkebe, akauweka juu ya cherehani na kusema kila kitu. Mama hakumpiga wala hakufoka.

"Na jana ulikuwepo," alisema. "Uliniacha niape."

Hospitalini daktari alimbadilishia bibi dawa, akampa isiyochoma tumbo. Kumbe ilitosha kumwambia tu. Uvimbe ulishuka na maumivu yakapungua, lakini vidole viwili vilibaki vimepinda. Kiungo kikishaharibika, daktari alisema, hakirudi.

Chiriku alikwenda mwenyewe na mama yake kuungama kwa muuguzi, na muuguzi akamwomba mama radhi. Utafiti ulipokwisha, aliwaletea majibu. Chupa ya mama ilikuwa ya unga mtupu. Na hata waliomeza vidonge vya kweli, damu yao haikubadilika sana, kwa maana walikuwa wazima tangu mwanzo.

Siku hizi sindano anaishika Chiriku, na bibi anaketi kando akimwelekeza.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza," bibi alimwambia, "na kunyamaza kumenila vidole. Dawa ikikushinda, mwambie aliyekupa. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Ukweli ukichelewa unakuta mtu ameshaumia. Haya, tundu hilo limepinda, lifumue."

Chiriku alilifumua, akaanza upya. Jioni mteja mmoja alikuja kuchukua shati lake. Aliyatazama matundu, akauliza kama bibi amesafiri. Kabla mama hajajibu, Chiriku alimweleza yote, tangu kidonge cha kwanza.