Hati Isiyo na Tarehe

"Chungwa limeiva."

Simu ikakatika.

Odalys Betancourt aliirudisha mfukoni, akaendelea kumfuata mtu mwenye suti ya kitani kupita lango la tatu la Bustani ya Halcyon, bustani kubwa ya michezo na burudani. Ilikuwa saa tano na dakika kumi asubuhi, na joto la Julai katikati ya Florida lilikuwa limekwisha kushika kazi yake. Maneno yale ya siri yalitungwa na mtu fulani huko Tallahassee, makao makuu ya jimbo, ambaye, kwa dhahiri, hakuwahi kufikiri kwamba katika jimbo hili mtu anaweza kupiga simu kuzungumzia machungwa yenyewe. Maana yake ilikuwa moja: maliza kazi leo, kabla ya saa nane mchana.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Miguu yake ilikuwa na zaidi.

Mwenye suti aliitwa Anselm Rauch, kwa mujibu wa mojawapo ya pasipoti zake tatu. Alisafirisha bunduki zilizofutwa namba kwenda visiwani, na biashara yake ilipungukiwa na kitu kimoja tu: kiwanja cha ndege ambacho hakuna afisa wa serikali angekikagua.

Kiwanja hicho kilikuwapo. Kilikuwa ndani ya Wilaya ya Cypress Slough.

Miaka hamsini na kitu iliyopita, bunge la jimbo liliwapa wenye bustani wilaya yao wenyewe: zimamoto wao, barabara zao, na kiwanja cha ndege watakachokikagua wao. Jambo hilo liliitwa maendeleo. Kisha gavana na kampuni ya bustani wakakosana, na kila upande ukagundua kwa ghafla jinsi unavyoupenda utawala wa sheria. Kesi nne zilikuwa mahakamani. Mawakili wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kununua nyumba za ufukweni.

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Kunguru huyu alikuwa amewanunua wajumbe wawili wa bodi ya wilaya.

Bodi ilikuwa na wajumbe watano. Saa nane wangepiga kura ya kumpangisha Rauch kiwanja kwa miaka tisini na tisa. Wawili walikuwa wake, wawili hawakununulika, na wa tano alikuwa Verlon Tillis.

Ndiye aliyekuwa akitembea kushoto kwa Rauch, kofia mkononi, kama mtu anayesindikizwa kwa daktari. Alikuwa fundi mstaafu wa treni ndogo ya bustani, umri miaka sabini na minne. Kulia alikuwapo Dabney Crewe, dalali wa nyumba, mmoja wa wale walionunuliwa.

Odalys alisimama ghafla. Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akamgonga kisigino, akaomba radhi.

Akabonyeza kitufe cha redio yake ya Motorola, ambayo kipaza sauti chake kilifichwa chini ya kola.

"Prine. Tillis na Crewe wako pamoja."

"Pamoja vipi?"

"Bega kwa bega. Na Rauch katikati."

Crawford Prine, mkuu wake, alipandisha sauti. "Wamerukwa na akili?"

"Rauch mgeni, hajui sheria. Crewe anajua, ila kalipwa asijue."

Katika Florida wajumbe wawili wa bodi moja hawaruhusiwi kuzungumza jambo la bodi nje ya kikao kilichotangazwa na kuwa wazi kwa umma. Sheria hiyo huitwa Sheria ya Jua, na kura inayotokana na mazungumzo ya kivulini hufa kabla haijahesabiwa. Ndiyo maana wajumbe wa Cypress Slough walikuwa na vinyozi watano tofauti. Mwenyekiti wao wa zamani alipofariki, walikaa katika safu tano za kanisa, wala hakuna aliyethubutu kubeba jeneza pamoja na mwenzake.

Rauch alitoka mahali ambapo kura huhesabiwa mezani, kabla ya kikao, glasi zikiwa zimejaa. Alijihadhari na vinasa sauti. Na jua, hakuwa na habari nalo.

"Nasa sauti," alisema Prine.

"Nitajaribu."

Watatu wale wakakata kona, wakaingia kwenye Mteremko wa Mamba.

Rauch hakuwa mjinga. Maboti ya mchezo huo yalichongwa kama magogo, yakapita katika handaki lenye maporomoko ya maji, na maji yakiporomoka hakuna kinasa sauti duniani kinachosikia neno. Mlinzi wake, pande la mtu lenye shingo kama kisiki, alipitisha kifaa kidogo cheusi juu ya viti vyote. Taa ya kijani. Akabaki gatini. Boti likaondoka na abiria watatu.

Odalys alielekeza kinasa chake handakini.

Ngurumo ya maji. Hakuna kingine.

"Prine, sina kitu."

"Basi tumekwisha."

"Pengine."

Alikwenda kuwasubiri kwenye njia ya kutokea, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Palikuwa na kibanda chenye skrini kumi na mbili. Kila boti lilipofika ukingoni na kuanza kuanguka, kamera iliyofichwa ndani ya kinywa cha mamba wa plastiki ilipiga picha, ili familia zinunue kumbukumbu ya nyuso zao zilizopotoka kwa hofu.

Skrini ya saba ikawaka.

Crewe alikuwa ameshika kofia. Rauch alikuwa amepanua kinywa kama samaki. Katikati alikuwa Mzee Tillis, macho wazi, midomo imefungwa kabisa. Mbele ya uso wake mkono wa Rauch ulikuwa umeshikilia karatasi mbili ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha nuru, maana mtu makini hulinda nyaraka zake na maji. Ya kwanza ilikuwa na muhuri wa wilaya na maneno MKATABA WA KUPANGISHA. Ya pili ilikuwa hati ya ardhi yenye sahihi ya Verlon Tillis. Nafasi ya tarehe ilikuwa tupu.

"Nakala mbili," alimwambia binti wa kibandani.

"Kubwa au ndogo, mama?"

"Kubwa kuliko zote ulizonazo."

Alikuwa akizikunja alipohisi kivuli. Mlinzi.

"Nipe hizo."

"Kanunue zako. Foleni inaanzia kule."

Jamaa akamshika kifundo cha mkono. Odalys alikuwa na bastola ya Glock kiunoni, na watoto wapatao arobaini mbele yake. Hakuigusa. Alimkanyaga mguu kwa kisigino, akampiga kwa redio chini ya sikio, na alipoinama akamfunga pingu kwenye mkokoteni wa bisi uliofungiwa nguzoni.

"Ufunguo wa mkokoteni uko kwa nani?" aliuliza.

"Kwa meneja," alijibu muuza bisi, bila mshangao mkubwa. Alikuwa amefanya kazi pale miaka tisa.

"Asiharakishe."

Alimkuta Tillis peke yake nyuma ya kituo cha zimamoto, suruali imelowa, sigara haijawashwa. Rauch alimwacha akakauke.

"Mzee Tillis. Naitwa Betancourt, wa upelelezi wa jimbo."

"Umechelewa, binti."

"Kawaida yetu."

Akampa picha. Mzee aliitazama kwa muda mrefu.

"Nimetoka vibaya," alisema.

"Hati ile ni ya nini?"

"Wewe si mtu wa wilaya, hutajua. Mjumbe lazima awe na ardhi humu ndani. Kampuni inakupa ekari tano. Siku hiyohiyo unasaini hati ya kuwarudishia. Jina la atakayepewa halijazwi, tarehe haijazwi. Wanaifungia kwenye sefu. Siku wakikuchoka, wanajaza."

"Na wewe ukasaini?"

"Sote tulisaini. Kulikuwa na keki." Akakohoa. "Karani wao kaiuza yangu kwa yule bwana. Nikikataa kura leo, jioni anaandika jina lake, na kesho natolewa nje. Mimi naweza kulala hata kwenye gari. Mke wangu Earlene ameishi pale miaka thelathini na moja. Miti yote ile kaipanda yeye."

Odalys alikaa kwenye ngazi. Magoti yake yalitoa mlio.

"Picha hii inaua kura, mzee. Lakini na wewe umo. Ulikaa na Crewe kivulini. Nikiitoa, kiti chako kimekwenda."

"Na nyumba?"

"Siwezi kukuahidi."

"Wenzako waliotangulia waliahidi."

"Wako wapi?"

"Walipandishwa vyeo." Mzee akaiweka sigara mfukoni. "Hizo bunduki zake zinakwenda wapi?"

"Visiwani. Mwezi uliopita zilifika kwenye shule."

Tillis alitazama wingu la radi lililokuwa likijengeka upande wa magharibi, kama lilivyojengeka kila siku ya Julai tangu azaliwe.

"Itoe," alisema.

Saa nane kamili. Ukumbi wa wilaya, viti themanini, watu tisa. Wajumbe watano waliketi kwa nafasi pana kama watu wanaoogopa kuambukizana. Rauch alikuwa safu ya mbele, mkoba magotini, suti imekauka.

Odalys hakuvunja mlango. Alijaza kadi ya njano.

Kwa sheria, mwananchi yeyote ana dakika tatu za kusema kabla ya kura. Katibu wa bodi, Bi. Philpott, aliisoma kadi, akaweka mezani saa ndogo ya jikoni ya kupimia mayai.

"Bi. Betancourt. Dakika tatu. Tafadhali usitukane."

"Sekunde ishirini zinatosha, dada."

Akaiweka picha mbele ya mwanasheria wa bodi.

Mwanasheria akainama. Akavua miwani. Akaivaa tena.

"Hii ni ya lini?"

"Leo, saa tano na nusu. Wakati umepigwa chapa pale chini, karibu na mamba."

Crewe akasimama. "Huu ni upuuzi! Tulikuwa tunajiburudisha! Mtu haruhusiwi kupanda boti?"

"Na mkataba wa wilaya mkononi?" aliuliza mwanasheria kwa upole.

"Mimi sikuuona! Nilifumba macho!"

"Macho yako yako wazi, Bw. Crewe," alisema Bi. Philpott, aliyekuwa ameipokea picha. "Yako wazi mno."

Watu tisa wakacheka. Kisha Verlon Tillis akanyanyuka, taratibu, akishika meza.

"Tulizungumza juu ya kura. Mimi, Crewe na yule bwana. Alinitisha kwa hati yangu, iko ndani ya mkoba ule. Nilikuwa nimekubali." Akamtazama Rauch. "Sasa sikubali. Mniandike nimejiuzulu."

Rauch alikwisha kufika mlangoni. Mlango ulikuwa na maafisa wawili, na nyuma yao mvua ilikuwa imeanza.

"Nina mawakili sita," alisema.

"Nafurahi kusikia," alijibu Odalys, akauchukua mkoba.

Mwanasheria akatangaza kwamba hoja ya kiwanja imebatilika. Saa ya mayai ikalia. Hakuna aliyekumbuka kuizima.

Nje, chini ya paa la maegesho, mzee alisubiri.

"Basi kampuni itaidai hati yao," alisema. "Mimi si mjumbe tena."

Odalys alimwonyesha hati ile ndani ya bahasha ya plastiki iliyofungwa kwa utepe mwekundu, yenye namba na sahihi mbili.

"Hii ni kielelezo cha kwanza. Hakuna wa kuijaza wala kuisajili mpaka kesi iishe, na rufaa zake zote ziishe."

"Rufaa zipi?"

"Rauch atakata. Kampuni itakata, ili irudishiwe hati. Jimbo litakata, kwa sababu kampuni imekata. Na lile shauri la nani hasa anaitawala wilaya hii lazima liamuliwe kwanza."

"Hilo si lina miaka sita?"

"Bado wanabishana lisikilizwe katika jengo gani."

Verlon Tillis alisogeza midomo kimya, akijumlisha.

"Kwa hiyo nimwambie nini Earlene?"

"Mwambie apande miparachichi. Ile ya mbegu, inayochelewa kuzaa."

Odalys akaitia bahasha kwapani, akaingia mvuani bila kuharakisha, kuelekea kwenye Ford ya serikali ambayo kiyoyozi chake kilikufa mwezi Mei.