Mia Nne ya Uongo

Kila siku akitoka shule, Salha alipitia mtaa wa Maji ya Chai, kwenye chumba cha baba yake cha kuivishia ndizi. Alikuwa na kazi moja tu, nayo ilikuwa imemchosha kweli kweli: kusoma namba kwenye kisanduku cha kipima hewa, nje ya mlango, na kuiandika daftarini. Ndizi zinapoiva hutoa hewa ya ukaa, ambayo ikizidi humzimisha mtu, na chumba kile kilifungwa kikafungika. Namba ikipita elfu tano, alamu ililia. Hapo milango ilifunguliwa, na watu wakangoja nje mpaka namba ishuke.

Jumatano hiyo alamu ilikuwa inalia alipofika. Elfu sita na mia mbili! Baba yake, Mzee Abdulhalim, alikuwa msikitini kwa swala ya alasiri.

"Ningoje nusu saa nzima?" Salha alinung'unika. Wenzake walikuwa wameshaanza mchezo wa rede.

Ndipo akakumbuka. Mwezi uliopita fundi Simaloi alikuja kukikagua kifaa. Alifungua kifuniko, akabonyeza kitufe, na namba ikawa mia nne. Salha naye akafungua, akabonyeza. Alamu ikanyamaza. Akaandika "400", akatimua mbio.

Lakini moyo ulikataa kutulia. Alipoingia kati, mpira wa kwanza tu ukampata mgongoni.

"We Salha, leo vipi?" binamu yake Ummy alimcheka. "Macho yote barabarani, unamsubiri nani?"

Salha hakucheka. Saa kumi na moja baba yake angeingia kutoa makreti. Hewa ile haina harufu wala rangi. Ni nzito, hutulia chini, na baba yake huinama kila anapoinua kreti. Aliondoka bila kuaga, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Alimkuta baba yake mlangoni, daftari mkononi.

"Mia nne. Safi," alisema, akishika komeo.

"Baba, usiingie! Ni uongo! Kifaa nimekinyamazisha mimi!"

Mzee Abdulhalim alimtazama bintiye. Kisha akaisukuma milango wazi, akarudi nyuma haraka, akampigia fundi simu.

Fundi Simaloi alifika kwa bodaboda. "Shikamoo," Salha alisema kwa sauti ndogo. "Marahaba. Haya, nieleze." Salha akaeleza yote.

Walingoja mpaka chumba kikapata hewa ya kutosha. Fundi akaingia na mtungi mdogo wa gesi ya majaribio, ambayo kipimo chake ni elfu sita, akaipulizia kwenye kitambuzi cha kifaa, kilichofungwa humo ndani karibu na sakafu. Huku nje kisanduku kikaonyesha mia mbili. Alamu kimya.

"Umeona?" fundi alisema. "Kitufe kile ni cha kukiambia kifaa, 'Hewa hii ndiyo safi.' Mimi hukibonyeza milango ikiwa wazi na chumba kikiwa na hewa safi. Wewe umekibonyeza chumba kimejaa hewa ya ukaa. Umekifundisha uongo, nacho kikakuamini."

Salha alilia kwa aibu. Fundi hakumbembeleza, alimpa brashi. Wakasafisha vumbi lililoziba chujio la kitambuzi, kisha Salha akabonyeza kitufe tena, safari hii hewa ikiwa safi kweli. Gesi ikapulizwa: elfu sita! Alamu ikalia mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Salha hakuwahi kufurahia kelele kiasi kile.

Baba yake akamfungulia daftari. "Usifute. Kata mstari, andika ukweli pembeni."

Salha akaandika: *400 si kweli. Ilikuwa 6,200. Salha.*

"Kubonyeza ni utoto, mwanangu," Mzee Abdulhalim alisema. "Lakini hii mia nne uliiandika kwa mkono wako, nami nilikuwa naingia kwa sababu yake. Mtu akiliamini neno lako, ameweka uhai wake juu ya neno hilo. Njia ya mwongo ni fupi, na leo ingeishia hapa mlangoni. Umerudi mbio kusema kweli, ndiyo maana bado tunazungumza."

Salha alifuta machozi, akasimama mbele ya kisanduku. Hakukumbuka tena rede.

"Namba?" baba yake aliuliza kutoka kizingitini.

"Mia tano na ishirini, Baba."

"Nakuamini," alisema, akaingia na kuinama kuinua kreti la kwanza.