Kiwanja cha Wenyewe

Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mpaka wa kiwanja namba 118 ulisogea mita nne bila mtu kuugusa.

Mchora ramani aliurudisha mahali pake kwenye kompyuta. Kiwanja kile kilikuwa kinamasi. Mpango mpya wa mji ulikitenga kisijengwe, ili mvua zikizidi maji yapate pa kutulia. Alipoachia kipanya, mpaka ukasogea tena. Ofisi ikanuka tope.

"Nani kaingia na viatu vya saiti?" aliuliza mpima ardhi, kisha akaja kuchungulia ramani. Akasoma penye jina la mmiliki. "Dada, umeandika nini hapa?"

"Wenyewe. Mfumo ulikataa kuhifadhi bila jina."

"Si ungeandika 'hajulikani'?" Sauti yake ilishuka. "Watu wakiogopa kutaja majini wanasemaje? Wenyewe. Umewapa hati, dada. Tena ya serikali."

"Acha utani."

"Nani anatania? Futa!"

Mchora ramani alifuta. Jina likarudi. Mpaka ukaelekea kaskazini, ukavuka barabara, ukiifuata sehemu ya kinamasi iliyofukiwa miaka ishirini iliyopita, na nyumba ya kwanza mbele yake ilikuwa ya mdogo wake, mwenye mimba ya miezi minane, ambaye saa hizo alikuwa peke yake.

Akampigia simu.

"Toka nje sasa hivi. Usiulize."

"Na tumbo hili? Labda uje na winchi." Mdogo wake alicheka. "Halafu dada, mbona sakafu inagugumia kama mtu anakunywa maji? Ngoja, kuna hodi."

"Usifungue!"

"Nani?" mdogo wake aliuliza, na kwenye simu zikajibu sauti nyingi kwa pamoja, za wanaume na wanawake na watoto, taratibu, kama watu wanaofika kwao baada ya safari ndefu: "Wenyewe."

Hakukata simu. Alishuka ngazi nayo sikioni, akapanda pikipiki nyuma ya mpima ardhi, akaita njia nzima, na kila alipoita kilichojibu ni maji yakipanda, na ndani ya maji kicheko kilekile cha mdogo wake, kikizidi kwenda mbali.

Walifika saa nne kasorobo. Mlango ulikuwa wazi. Tope bichi lilifika magotini, lakini kuta zilikuwa kavu. Mdogo wake hakuwepo. Simu yake ilikuwa mezani, dakika za mazungumzo zikiendelea kuhesabiwa.

Mchora ramani akakata ya kwake.

Ile ya mezani iliendelea kuhesabu.