Hodi Mlangoni Pake Mwenyewe

Wakili alihamia ghorofa ile kwa sababu iliyotajwa hata katika tangazo: dakika nne kwa miguu hadi kituo cha treni. Magharibi moja alishuka kumpokea mkewe, akamwacha binti yao wa miaka sita akichora mezani.

Mkewe alitokea kwenye geti la kituo, mkoba begani. Njia nzima hakusema neno. Wakili hakulitia hilo maanani. Muuguzi aliyesimama kutwa nzima wodini ana haki ya kunyamaza. Ila ile harufu... harufu ya chuma kilicholowa.

Walipofika mlangoni pao, mkewe akasimama.

"Hodi," akanong'ona.

Wakili akacheka. "Tangu lini mtu akapiga hodi kwake? Haya, karibu mama, karibu sana!"

Mkewe akaingia. Binti akamrukia shingoni.

Simu ya wakili ikaita.

"Baba watoto, treni imekwama huku. Mpe mwanao ale, msinisubiri."

Sauti ilikuwa ya mkewe. Nyuma yake, abiria walinung'unika.

Wakili alirudi nje koridoni, akauvuta mlango nyuma yake. "Uko... wapi?"

"Si nimekwambia? Mbona unanong'ona?"

Simu ikakatika.

Alipima dhana zote. Simu imeibwa. Mtu anaigiza sauti. Hakuna hata moja iliyosimama kwa miguu yake.

Jirani wa mkabala, bibi mshonaji, alikuwa amechungulia, akisikia yote.

"Hushuka na treni ya jioni hao," alisema polepole. "Hawaingii mpaka wakaribishwe. Umemkaribisha?"

"Kwa mzaha tu, bibi."

"Wao mzaha hawaujui."

"Una ushahidi gani?"

"Ushahidi! Wakili, mwanao yuko na nani humo?"

Akakishika kitasa.

Kimefungwa kwa ndani.

Ufunguo wake ulikuwa mezani, kando ya kalamu za rangi. Akagonga. Akagonga tena, kwa kiganja kizima.

"Mwanangu, fungua. Ni baba."

Nyayo ndogo zikakaribia. Vidole vikagusa komeo... vikatulia. Nyuma ya mtoto, mtu mzima alinong'ona jambo ambalo wakili hakulipata.

"Mama anasema wewe si baba," binti alisema. "Anasema umemwiga sauti tu."

"Mwanangu, nisikilize—"

Vidole vikaondoka kwenye komeo.