Jino la Asio na Moshi wa Malori

Kila asubuhi kabla ya shule, Asio alimsaidia mama yake kuuza chai kando ya foleni ya malori pale mpakani Malaba. Madereva waliacha injini zikinguruma na moshi mweusi ukatua hadi vikombeni. Asio hakujali. Tena aliwadharau waliojali.

"Nyinyi wa kijijini Moding mnanuka ng'ombe," alimwambia Aguti, mwenzake wa dawati. "Sisi tunanuka dizeli. Hiyo ndiyo harufu ya mji!"

"Na damu je?" Aguti akauliza. "Hebu tazama andazi lako."

Andazi aliloliuma lilikuwa na doa jekundu. Darasa likaangua kicheko.

Jioni Asio aligusa jino la mbele kwa ulimi. Likatikisika! Jino la ukubwani, likitoka halirudi. Akamkimbilia nyanya yake akilia, na kesho yake wakaenda kliniki.

Dada Velma, mhudumu wa meno, alibonyeza ufizi uliovimba. Akasonya.

"Unapiga mswaki?"

"Niliacha. Ulikuwa unanitoa damu."

"Loo! Umemfukuza mfagiaji ukabaki na takataka! Na asubuhi unakaa wapi?"

"Kwa malori."

"Yale yanayonguruma bila kusogea? Huo ni upuuzi, kama kuwasha jiko bila sufuria. Moshi ule ukiuvuta kila siku unachokoza mwili, na ufizi mchafu unazidi kuoza."

Velma akamsafisha meno, akamfundisha kupiga mswaki polepole, asubuhi na usiku. Mama naye, aliposikia hayo, akahamisha meza ya chai mbali na foleni.

Dereva mmoja, Okurut, akacheka. "Mama Asio, siku hizi moshi wetu unakunukia vibaya?"

"Mzee, zima injini kwanza, ndipo ucheke," Asio akamjibu.

Wiki zikapita, damu ikakoma. Asio akamwomba Aguti msamaha, akamwalika kwao Jumamosi.

"Kitendawili!" nyanya akawaambia.

"Tega!"

"Mgeni wangu habishi hodi, na akiingia anaanza kula mlango."

"Moshi!" Aguti akasema. "Mlango ni mdomo."

"Umepata. Na wewe Asio ulimtengea mgeni huyo kiti, ukajiona mjanja! Mjukuu wangu, safisha kinywa kila siku, kaa mbali na moshi, na ukiona damu usinyamaze. Uliza mapema."

Kisha akampa pera gumu. "Haya, uma."

Asio akafumba macho, akauma. Jino halikutikisika hata kidogo.