Mgonjwa wa Alhamisi

Mwaka ule vita vya Kagera vilipokwisha, sabuni ilikuwa adimu kuliko dhahabu. Ilipofika duka la ushirika la Maili Moja, foleni ililizunguka jengo zima. Swaumu alisimama katikati yake, gauni la kitenge cha kijani limemkaa sawasawa, kilemba kimeinama upande, na mkononi ana kikapu chenye mfuniko. Mara kikapu kikalia, "Nyau!"

"Bibie, umebeba kitoweo?" sauti ya kiume ikauliza nyuma yake.

"Labda wewe ndiye kitoweo," akajibu bila kugeuka.

Watu wakaangua kicheko. Alipogeuka alimwona kijana mrefu aliyevaa suti ya Kaunda na mabuti ya mpira yaliyojaa matope. Alikuwa Hemedi, bwana mifugo mpya wa Kibaha. Akaomba ruhusa, akafunua kikapu, akampanua paka mdomo kwa kidole. Fizi zilikuwa nyeupe kama chokaa. Utani ukamtoka.

"Anaitwa nani?"

"Pilipili. Alikuwa wa marehemu mama. Wiki ya tatu hii hali chakula. Wananiambia nimtupe."

"Usimtupe. Nipe damu yake kidogo ikapimwe."

Majirani wa Mkuza, alikoishi Swaumu, walipomwona Hemedi akitoka kwa Swaumu na kichupa cha damu, maneno yakaanza. Kidawa, jirani wa ukuta kwa ukuta, akamvuta Swaumu kando.

"Mwenzangu, mwanamume anayekusanya damu si mumiani huyo?"

Swaumu alicheka, ila moyoni hakucheka. Aliwahi kuolewa, na mumewe akaishi miaka miwili na mke mwingine Chalinze bila yeye kujua. Tangu hapo hata chumvi aliionja kwanza ndipo aamini kuwa ni chumvi.

Majibu yalichukua zaidi ya mwezi. Hemedi akayaleta mwenyewe, akachuchumaa kizingitini.

"Ni virusi vya paka. Vinaharibu damu, mwisho huleta saratani. Binadamu haviwapati. Dawa ya kumponya haipo, nisikudanganye. Lakini matunzo yapo."

"Matunzo gani?"

"Asitoke nje, asile sahani moja na paka wengine. Chakula kipikwe, viroboto watolewe. Akipata homa au kidonda, niite siku hiyo hiyo."

"Nawe utakuja?"

"Kwa sauti hiyo? Hata kwa miguu."

Akawa anakuja. Pilipili akaanza kula, na Swaumu akajikuta anapaka wanja kabla ya kila ziara. Mchana, akiwa kwenye mitambo ya simu ya ofisi ya wilaya, ambako alikuwa opereta, taa ya ofisi ya mifugo ilipowaka alikuwa anatabasamu kabla hajapokea.

"Mgonjwa wangu hajambo?"

"Yupi? Mwenye mkia au asiye na mkia?"

"Asiye na mkia."

"Huyo homa inampanda akikusikia."

Jambo moja tu lilimkera. "Alhamisi usinihesabu," Hemedi alisema kila wiki. Akiulizwa kuna nini, hujibu neno moja: "Kazi."

Jumatano moja mwanamke akapiga kutoka posta ya Kisarawe, akimtaka bwana mifugo. Swaumu akaunganisha. Alipaswa kutoa kifaa sikioni. Hakukitoa.

"Mwamvita, usilie," Hemedi alikuwa akisema. "Amekula?"

"Kidogo tu. Anakutafuta."

"Kesho nakuja. Nilikuahidi, nitakuja mpaka mwisho."

Swaumu akatoa kifaa sikioni. Mtoto! Ana mke na mtoto Kisarawe!

Kesho yake akaomba ruhusa kazini, akabadili magari mawili, akafika Kisarawe vumbi hadi kwenye nyusi. Posta wakamwelekeza nyumba ya Mwamvita. Mlango ulikuwa wazi. Hemedi alikaa mkekani, mikono ya shati kaikunja, mkabala na mama wa makamo.

"Swaumu?"

"Mtoto wako yuko wapi?"

Mama yule akamtazama Hemedi, kisha akafunua khanga mapajani mwake. Paka wa manjano, mifupa mitupu, akafumbua jicho moja.

"Walikuwa saba," akasema. "Kabaki huyu."

Swaumu akakaa mkekani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hemedi alizungumza akiutazama mkeka. "Nilikuwa kituo cha hapa. Nikamwambia mama huyu ni minyoo, kumbe ni virusi hivi hivi. Sikuwatenga, wakaendelea kula sahani moja, wakafa sita. Niliogopa ukijua hutaniachia Pilipili. Wala hutanitaka mimi." Akainua uso. "Umejuaje niko hapa?"

"Nilisikiliza simu yako."

Hemedi alikasirika, na haki alikuwa nayo.

Swaumu akamgeukia mama. "Ulimsameheje?"

"Sijamsamehe," Mwamvita akasema, akimlaza paka vizuri. "Naye anajua. Na bado anakuja."

Walirudi kwa basi moja mpaka wakakaribia Maili Moja.

"Simu zako sitazisikiliza tena," Swaumu akasema.

"Nami sitakuficha kitu."

"Basi nenda Mlandizi kwa baba mdogo, Mzee Mwinyijuma, upeleke posa. Ila umweleze kwanza habari ya paka sita."

"Akinifukuza?"

"Utakuwa umefukuzwa kwa la kweli."

Hemedi akaenda Jumapili asubuhi, kavaa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka. Alianza na paka wa kwanza, na mzee alikuwa na maswali mengi. Jua lilikuwa utosini alipofikia jina la Swaumu, na mzee hakuwa amemfukuza.